Choo Kikavu cha Mzee Masinde

Mwezi wa nne mwaka ule, watu wa kando ya Malava walikufa kimya kimya, na huo ukimya ndio uliomtia Khalayi hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Zamani mtu akifa ng'ambo ya kijito ungejua kabla uji wako haujatokota. Kilio kingevuka bonde, ngoma ingefuata, na kufikia adhuhuri ungekuwa umeshaambiwa hata alikula nini mara ya mwisho. Sasa serikali ilikuwa imepiga marufuku matanga. Hakuna kukusanyika, hakuna kupikia wageni, hakuna kukesha na maiti. Ungeamka tu ukaona chokaa imemwagwa mlangoni kwa jirani, na mlango umegongomelewa ubao, ukajijazia mwenyewe.

Kipindupindu. Jina lenyewe watu hawakulitaja. Walisema "ule wa tumbo" wakatema mate kando. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi na moja, tulikuwa na bendera yetu na wimbo wetu, na bado mtu aliamka mzima akafa kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni. Soko lilifungwa. Shule zilifungwa. Mvua ya masika nayo haikuona aibu, ilinyesha kila siku kana kwamba hakuna kilichotokea.

Khalayi alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki. Alizaa watatu. Wawili walilala nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mmoja kwa surua na mwingine kwa homa ambayo hakuna aliyeipa jina. Aliyebaki ni Mildred, wa miaka minne, mdomo cherehani, haachi kuuliza. Kila asubuhi Khalayi alimshika mashavu akamtazama macho, akamtazama ulimi, akamminya tumbo mpaka mtoto akacheka. "Huyu hapana," alijiambia. "Wawili wanatosha. Huyu hachukuliwi."

Mumewe, Barasa, alikuwa karani mjini Kakamega, na askari walikuwa wameziba barabara, haingii mtu wala hatoki. Alituma barua moja tu kwa mkono wa dereva wa lori la maziwa. Chemsheni maji, aliandika. Naweni mikono kwa sabuni. Msile cha kununua. Na mwishoni: "Mheshimu Baba." Ebo! Kana kwamba alikuwa hamheshimu. Heshima ndiyo iliyobaki kidogo tu iwamalize.

Huyo Baba ni Mzee Erastus Masinde, baba mkwe wake, seremala mstaafu, mtu mrefu wa maneno machache. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa boma, na ya Khalayi upande wa chini. Tangu Barasa amwoe Khalayi, Mzee hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Hawakushikana mikono. Khalayi alimwekea chakula mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha macho. Mambo ya kawaida waliambiana kwa mbali, ng'ombe amezaa, mvua inakuja. Mambo mengine yote yalipitia kwa mama mkwe, Mama Jescah, ambaye alikuwa na ulimi wa kulainisha lolote. Lakini Mama Jescah alifariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo mambo mengine yote hayakuwa na pa kupitia.

Basi chifu akaita baraza. Watu wakasimama mbalimbali kama walioogopana, na kweli waliogopana. Chifu akasema kila boma lichimbe choo cha shimo, futi kumi na tano, na atakayekutwa bila choo atalala ndani. Mzee Masinde hakungoja kuambiwa mara mbili. Siku iliyofuata alivua shati, akapima ardhi kwa kamba, akaanza.

Wiki mbili nzima walijenga. Mzee alikuwa chini shimoni, na Khalayi juu, akivuta udongo kwa ndoo na kamba. Hakuna aliyesema neno. Mzee alitikisa kamba mara moja, maana yake vuta. Mara mbili, maana yake ngoja. Mildred ndiye aliyepiga soga kwa niaba yao wote, amelala kifudifudi ukingoni, mamake amemkanyagia gauni asije akatumbukia.

"Kuka, umefika wapi?" alimuuliza babu yake.

"Nimefika karibu na Kisumu," sauti ilijibu kutoka chini.

"Huko kuna ugonjwa! Rudi!"

Khalayi alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka mbele ya mkwe, akaziba mdomo kwa kitambaa. Lakini siku zile ndizo pekee ambazo hofu ilimlegea kidogo. Mikono ikiwa na kazi, moyo unapata pa kujibanza. Walipomaliza shimo, Mzee alitandaza magogo ya mkalatusi, akakandika udongo, akajenga kuta, akatia mlango wa mbao wenye bawaba na kitasa cha kuzungusha. Akachonga na kifuniko cha tundu chenye mpini. Khalayi naye alisiriba kuta kwa samadi na majivu mpaka zikawa laini, akajenga kichanja cha vyombo, akashona kitambaa cha kufunika mtungi. Majirani walikuja kutazama wakiwa nje ya ua. Ayuma, jirani wa upande wa kijito, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona, alisema, "Mzee, mimi hiki ningehamia nikalala ndani."

Sasa sikiliza kosa lilipoingilia. Choo kilikuwa kimoja. Na katika watu wale, mke wa mwana hakanyagi choo anachokanyaga baba mkwe wake. Ni mwiko, wala si wa kufafanuliwa. Mtoto hufahamu kabla ya kujua kuhesabu. Walipokuwa hawana choo, kila mtu alikuwa na kichaka chake na njia yake, na hapakuwa na shida. Sasa choo kiko pale, kizuri, kimesimama katikati ya boma, na swali moja tu limebaki: ni cha nani?

Nani angeuliza? Mama Jescah angemaliza jambo hilo kwa sentensi moja huku akichambua mboga. Khalayi kumwambia baba mkwe, "Je, wewe utakwenda haja wapi?" Lo, afadhali afe! Na Mzee kumwambia mke wa mwanawe? Hata kumtuma Mildred hakuwezekana, kwa maana Mildred angelitangaza mpaka kwa askari wa barabarani.

Khalayi alifikiri hivi: Mzee amechimba kwa mikono yake, ni choo chake. Labda atachimba cha pili mvua ikipungua. Kwa hiyo alfajiri, kabla kuku hawajashuka, alichukua jembe na Mildred, akashuka gengeni kwenye vichaka vyake vya zamani, akachimba kishimo, akafukia. Tundu la choo lilimtisha mtoto hata hivyo. Asubuhi kila siku alimwona Mzee akienda na kopo lake la maji upande wa choo, penye mikalatusi, akageuza uso haraka. Vema, alijisemea, Baba ana pake.

Mvua ikaendelea kunyesha. Chini ya genge lile palikuwa na chemchemi ambayo nyumba arobaini ziliteka maji.

Wiki ya tatu chokaa ikaonekana mlangoni kwa Ayuma. Jana yake alasiri Khalayi alikuwa amemsikia akimfokea mbuzi. Asubuhi watu wanne waliofunika pua kwa vitambaa walipita na kitu kilichoviringishwa mkekani, wanakimbia, hakuna anayelia. Khalayi alisimama nyuma ya mlango wake, amemkumbatia Mildred kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Siku ile alichemsha maji mara mbili, akaosha sahani safi, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Alimkataza Mildred kugusa kitu, kumgusa mtu, kumgusa kuku. Maji ya nyumbani yote yalipita motoni. Lakini mtoto ni mtoto. Walipokwenda kuteka, mama akigeuka kujaza debe, Mildred alikinga viganja kwenye chemchemi akanywa, kwa sababu maji yaliyochemshwa, alisema baadaye, yananuka moshi.

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mildred aliacha kuuliza maswali.

Khalayi alikuwa akipepeta mahindi. Alisikia ule ukimya, akageuka. Mtoto alikuwa ameketi chini ameshika tumbo, na chini yake maji yalikuwa yanatoka, meupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha akatapika. Kisha tena chini. Macho yalianza kuingia ndani mama akiyaona.

Alitaka kupiga ukemi, akauzuia kooni. Angepiga, nani angekuja? Badala yake alikimbia mpaka katikati ya ua, akasimama mbele ya mlango wa Mzee, akamtazama usoni moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba! Mtoto anakwisha!"

Mzee alichukua baiskeli, bila kofia, bila koti, akatokomea mvuani.

Alirudi karibu saa sita na bwana afya, kijana wa Kikuyu aitwaye Maina, aliyepelekwa kule miezi miwili kabla na ambaye macho yake yalionyesha kwamba hajalala wiki nzima. Maina alimfinya mtoto ngozi ya tumbo. Ngozi ilibaki imesimama. Mwili ulikuwa umekaukiwa maji.

"Maji ya kutia kwenye mshipa yako kambini kwa wagonjwa," alisema. "Na mto umefunika daraja la kambini. Lori litazunguka, litafika hapa kesho asubuhi. Mpaka kesho, mama, kambi ni wewe. Chupa tatu za soda za maji yaliyochemka. Sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Usiache. Ukiacha kwa kuchoka, atakufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Usilale."

Kisha akachukua mfuko wake wa chokaa akaelekea chooni, kwa sababu sheria ilisema choo cha mgonjwa kimwagiwe dawa. Khalayi alimsikia akifungua mlango. Akamwona akiinama na tochi. Akatoka taratibu.

"Choo hiki kina muda gani?"

"Wiki tatu," alijibu Mzee, aliyekuwa amesimama chini ya mchirizi wa paa.

"Ni kikavu. Hakina hata nzi." Maina aliwatazama mmoja mmoja, mmoja juu na mwingine chini ya ua. "Mlikichimba cha nini, cha kuonyesha chifu? Mnakwenda wapi?"

Mzee alitazama mikalatusi. Khalayi alitazama kijiko.

"Nawauliza! Mtoto huyu amekunywa uchafu wa mtu, hivi ndivyo ugonjwa huu ulivyo, hauna uchawi. Chini hapo kuna chemchemi. Nisipojua ni wapi, sijui nimwage dawa wapi, na wiki ijayo nitazika mlima mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Semeni!"

Masikio ya Khalayi yalikuwa yanawaka. Alitamani ardhi ipasuke. Alitazama uso wa Mildred, midomo imekauka, na akajua kwamba hana tena haya ya kumfaa kitu.

"Gengeni," alisema kwa sauti, mbele ya baba mkwe. "Juu ya chemchemi, kwenye vichaka vya upande wa kulia. Mimi na mtoto. Choo ni cha Baba, singeweza kuingia."

Mzee aligeuka kama aliyechomwa.

"Changu?" alisema. "Mimi nilikuchimbia wewe! Nimeamka siku moja nikasema, huyu ana mtoto, yeye ndiye akitumie. Mimi naendanga kule nyuma ya mikalatusi. Upande wa kushoto." Akaelekeza kidole gengeni. "Juu ya chemchemi hiyo hiyo."

Maina aliwatazama kwa muda mrefu. Kwao pia kulikuwa na miiko, na labda ndiyo sababu hakucheka wala kutukana tena. Alichukua mfuko wake akashuka gengeni, na wakasikia akiwapigia watu kelele kule chini waondoke na madebe yao, kabla hajaendelea na maboma mengine. Maradhi yalitoka kwake au kwangu? Khalayi alijiuliza, na akajua kwamba Mzee anajiuliza hilo hilo, na kwamba hakuna atakayewajibu kamwe. Labda hata hayakuwa ya kwao, labda yalikuwa ya Ayuma maskini. Haikupunguza kitu.

Akaanza kazi. Kijiko. Ngoja. Kijiko. Mtoto akitapika, anafuta, anahesabu mpaka hamsini, kijiko. Mzee alichemsha maji jikoni mwake, akaleta sufuria mpaka kizingitini, akaiweka chini, akarudi nyuma. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu. Saa nane ikapita, saa tisa. Mildred alikuwa mwepesi mapajani kama nguo iliyoanikwa. Mara moja aliacha kabisa kumeza, na Khalayi akamsugua koo kwa kidole, akimsihi, akimtukana, akimwambia atamchapa, atamnunulia peremende, chochote. Mtoto akameza.

Karibu saa kumi Khalayi akahisi tumbo lake limezunguka.

Alijidanganya kwamba ni njaa. Kisha tumbo likazunguka tena, na miguu ikakakamaa mpaka vidole vikajikunja. Hofu iliyompata hapo haikuwa ya kufa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kijiko kikianguka, mtoto amekwenda. Alijaribu kumlaza Mildred ili yeye atambae mpaka gengeni, akakumbuka dawa iliyomwagwa kule, akakumbuka nyumba arobaini za watu, akainuka, akaanguka mlangoni, nusu ndani nusu nje. Tayari alikuwa amejichafua.

"Baba," aliita. Sauti haikutoka. Akaita tena. "Baba, usije! Usiangalie! Njoo umchukue mtoto tu!"

Mzee Masinde alikuja. Alisimama kwenye kizingiti kile ambacho hajawahi kukivuka, akavua kofia kana kwamba anaingia kanisani, akavuka. Alimwinua Mildred, akamfunga mgongoni kwa shuka. Kisha akainama kwa Khalayi.

"Hapana, Baba. Ni mwiko. Niache."

"Mwiko nimeuchimbia shimo la futi kumi na tano," Mzee alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anaogopa kumpita Khalayi. "Nishike shingo."

Alimbeba hivyo hivyo alivyo, mchafu, mzima mzima, mjukuu mgongoni na mke wa mwana mikononi, akavuka ua katika mvua ya saa kumi, mchana kweupe. Nje ya ua majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama. Mmoja alishika mdomo. Kufikia jioni bonde zima lingejua. Mzee aliwaona, akaendelea kutembea. Alisukuma mlango kwa goti, akamweka Khalayi ndani, akainua kifuniko, akatoka, akafunga.

Na hapo, akiwa amegeuzia mlango mgongo na kumhamishia Mildred kifuani, kikombe mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, alianza kuimba. Mzee Masinde hakuwa mwimbaji. Katika kanisa la Marafiki alikuwa anafungua mdomo tu. Alijua ubeti mmoja wa wimbo mmoja, nao hakuujua sawasawa, lakini aliuimba kwa sauti ya kuamsha wafu, ukiisha anaurudia, ili asisikie lolote la nyuma ya mlango, na ili mwanamke aliye ndani ajue kwamba hasikii.

Khalayi alishika kuta kwa mikono yote miwili, kuta alizozisiriba mwenyewe. Alikuwa anatoka maji kama mtungi uliopasuka, na alikuwa anatetemeka, na alijua vizuri kabisa kwamba huenda kesho lori likamchukua yeye kwenye mkeka. Alilia. Alilia kwa nguvu zote, kwa kuwa wimbo ulimficha.

Ubeti ukaisha. Kabla haujaanza tena, sauti ndogo, yenye mikwaruzo, ikasema kule nje:

"Kuka, unapiga kelele. Nataka maji."

Ukasikika mlio wa kijiko kwenye kikombe. Kisha mwingine. Kisha Mzee akasema, si kwa mtoto, akiwa bado ametazama upande mwingine:

"Umesikia, mwanangu? Anameza. Kuna kikombe chako pia. Ukimaliza, fungua mlango kidogo, nipitishie mkono."

Khalayi alijikokota mpaka mlangoni, akazungusha kitasa, akatoa mkono mvuani. Mzee akaushika, akaukunja vidole kwenye kikombe, na hakuuachilia mpaka alipohakikisha umekaza.